Kuku wanaharisha, tuanze wapi?

"Dokta, kuku wangu wanaharisha, naomba dawa." Maduka ya dawa za mifugo husikia ombi hilo kutwa nzima, na jibu lake mara nyingi ni pakiti ya oksitetrasaiklini, ule unga wa njano wa kuchanganya kwenye maji. Wengine wanapona, wengine wanaisha bandani kabla pakiti haijafika nusu. Shida ni kwamba kuharisha si ugonjwa. Kideri (mdondo) kinaharisha, homa ya matumbo inaharisha, gumboro, minyoo na pumba zilizovunda navyo vinaharisha. Hata joto la Februari pale Dar es Salaam linaharisha, maana kuku anayehema mchana kutwa hunywa maji mengi na lazima ayatoe. Ukianzia kwenye rangi ya kinyesi, utabahatisha.

Anza na mambo unayoweza kuyajibu ukiwa umesimama mlangoni mwa banda, hujamshika kuku hata mmoja. Wanaougua wana umri gani? Ni wangapi kati ya wangapi? Tangu wa kwanza azubae hadi leo ni siku ngapi? Wamechanjwa nini, lini, na chanjo ilisafiri vipi? Katika wiki mbili zilizopita kuna kuku mgeni aliyeingia, awe wa mnadani, wa zawadi au jogoo wa kuazima? Majibu ya maswali hayo yanafupisha orodha ya magonjwa kuliko dalili yoyote.

Umri kwanza. Vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo wanaojikunyata karibu na jiko, sehemu ya haja imezibwa na kinyesi cheupe kilichokauka: hapo fikiria pulorum (kuhara kweupe kwa vifaranga), kitovu kilichooza, au baridi. Baridi isidharauliwe. Kifaranga aliyepoa naye huziba nyuma, na dawa yake ni joto la mkaa wala si antibayotiki. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8 wagombea wakubwa ni kuhara damu (koksidia) na gumboro. Mahepe, ugonjwa wa kupooza miguu, huonekana zaidi kuanzia wiki ya 6 na kuendelea, hadi mitetea inapokaribia kutaga. Homa ya matumbo hupenda kuku wakubwa ingawa haiwaachi wadogo. Kideri hakina umri: kinabeba kifaranga, koo na jogoo kwa pamoja, na hilo lenyewe ni dalili.

Kasi ni ya pili, na kwangu ndiyo inayosema mengi zaidi. Banda lisilochanjwa likiingiwa na kideri kikali, kuku huanza kuanguka mmoja wawili, kisha ndani ya siku chache wengi wamekwisha. Homa ya matumbo haina haraka hiyo. Inachukua mmoja leo, mwingine keshokutwa, inakaa wiki kadhaa, na mfugaji anaizoea mpaka anaanza kulaumu mwewe. Mafua ya kuku (koraiza, si mafua ya ndege) huvimbisha nyuso za nusu ya banda kwa siku tatu, lakini vifo ni vichache. Minyoo na utitiri huenda kwa miezi. Na ukikuta kuku wanono kumi wamelala chini mchana huohuo, asubuhi walikuwa wakigombania chakula na gole (mfuko wa chakula shingoni) bado limejaa, tafuta sumu kwanza: mahindi ya mbegu yaliyotiwa dawa, chambo cha panya, mboga iliyopuliziwa. Kuku aliyeugua siku kadhaa hufa gole likiwa tupu, kwa kuwa aliacha kula zamani. Gole lililojaa kwa kuku aliyekufa ni ushahidi wa bure ambao watu hutupa pamoja na mzoga.

Suala la chanjo lina mtego. Mfugaji akisema "nimechanja", maana yake ni kwamba alinunua chanjo. Chanjo ya kideri aina ya La Sota inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 toka kiwandani hadi kwenye maji ya kuku. Ikisafiri mfukoni toka dukani hadi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, bila barafu, kilichofika ni chanjo iliyokufa. Ikichanganywa kwenye maji ya bomba yenye klorini inakufa pia, ndiyo maana wanaojua hutia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, na kuacha kidogo kabla ya kuweka chanjo. Kuku wanyimwe maji kabla, saa moja au mbili kutegemea joto, ili wamalize chanjo ndani ya saa mbili. Chanjo ya I-2, ya tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko La Sota, na ndiyo sababu inafaa vijijini. Nchini Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kinga yake haiji siku hiyohiyo, hivyo chanjo iliyotolewa baada ya kuku wa kwanza kufa haiokoi wale ambao kirusi kimeshaingia mwilini. Watakufa, na mtu atasema chanjo ndiyo iliyoua.

Kabla ya kumwita kuku mgonjwa, mtoe kwanza kwenye orodha ya wazima wanaofanana na wagonjwa. Koo anayetaka kuatamia huvimbisha manyoya, hujilaza kiotani kutwa, hali vizuri, upanga wake wa kichwani unafifia rangi na anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya mara moja au mbili kwa siku kwa kuwa amekibana. Ukimsogelea anaguna na kukudonoa. Mgonjwa hana nguvu ya kugombana. Kuku anayebadilisha manyoya huacha kutaga na kuonekana kachakaa, lakini anakula na macho yanang'aa. Tena kuna kile kinyesi cha kahawia kilaini, kinachonata na kunuka, ambacho huonekana hapa na pale kati ya vinyesi vikavu. Kinatoka kwenye vifuko viwili vya utumbo mpofu na kila kuku mzima hukitoa mara kadhaa kwa siku. Dawa nyingi za kuhara zimenunuliwa kwa sababu ya kinyesi hicho.

Kuku huficha ugonjwa wake asionekane, maana mnyonge hudonolewa na wenzake. Akikuona umemkaribia atasimama wima na kujifanya anachakura. Mtazame kwa mbali kwanza. Wakati mzuri ni alfajiri unapofungua mlango: mwangalie anayetoka wa mwisho, na anayesimama jua lilipo huku wenzake wakikimbilia chakula. Rusha kiganja kimoja cha mtama. Mzima anakuja mbio, mgonjwa wa mwanzo anakuja lakini anadonoa na kuacha, aliyezidiwa haji. Sikiliza pia usiku, saa mbili tatu hivi, kuku wakiwa wametulia kwenye kichanja. Kukoroma, kupiga chafya na kufyonza pumzi husikika vizuri gizani kuliko mchana wenye kelele za majogoo.

Ukishampata, mtenge. Tenga kubwa au boksi lenye matundu linatosha, chini uweke gazeti au mfuko mweupe uliopasuliwa badala ya maranda, ili kila kinyesi kionekane kilivyo. Mpe chakula ulichopima na maji uliyopima. Kuku mkubwa anayetaga hula gramu 110 hadi 120 hivi kwa siku na kunywa kama mara mbili ya hapo, zaidi kukiwa na joto. Akiwa peke yake kwa saa 12 utajua mambo ambayo huwezi kuyajua akiwa na wenzake 30: anakula au anachezea, anakunywa kupita kiasi au hagusi, anasukuma yai lisilotoka, au ni uonevu wa wenzake tu na sasa amepata nafasi ya kula.

Kumkagua mkononi kuna mpangilio wake, na mpangilio huo unasaidia usiruke kitu. Mshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, kichwa kikielekea kwako. Anza na mfupa wa kidari kwa vidole viwili. Nyama ikiwa imejaa pande zote mbili, ugonjwa ni wa karibuni. Mfupa ukiwa umesimama wenyewe na pembeni kuna mashimo, kuku huyu anaumwa au ana minyoo kwa wiki nyingi, hata kama umemwona leo. Kipimo hiki kinapatikana hata gizani, na kinaweza kukuonyesha kwamba "mlipuko" wa leo ni ugonjwa mkongwe uliochelewa kuonekana.

Halafu gole. Lishike jioni, lishike tena alfajiri kabla hajala. Jioni liwe limejaa, alfajiri liwe tupu. Likiwa gumu asubuhi na ukibonyeza unahisi nyasi au kamba, limeziba, mara nyingi kwa majani marefu, nyuzi za viroba au mabaki ya nailoni. Likiwa laini kama puto lenye maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia humo na ukungu umeota. Usimning'inize kichwa chini kumkamulia. Maji hayo huingia kwenye koromeo la hewa na kuku anakufia mkononi. Gole lisiloshuka mara nyingi ni matokeo ya kitu kingine kilichosimamisha matumbo, kwa hiyo usiishie hapo.

Kichwani, funua mdomo. Utando wa ndani uwe wa waridi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na hapo upanga uliopauka unapata maana. Upanga peke yake hupauka hata kwa kuku ambaye hatagi tu. Upanga wa zambarau, hasa ncha, unasema damu haizunguki: unaonekana kwenye kipindupindu cha kuku, kwenye kideri, kwenye mafua makali ya ndege, na kwa kuku yeyote anayekaribia kukata roho. Magamba meusi kwenye upanga, ndevu na kope ni ndui, ambayo huenezwa sana na mbu na kupamba moto baada ya mvua. Mabaka ya njano ndani ya mdomo yanahitaji uangalifu. Ndui ya ndani huota utando ulioshika. Ukiukwangua, panatoka damu. Upungufu wa vitamini A huleta vipele vyeupe vinavyobanduka bila damu, na huonekana kwa kuku waliofungiwa na kulishwa pumba bila majani mabichi. Tofauti hiyo ni ya maana, kwa sababu wa pili anapona kwa mchicha na vitamini, na wa kwanza anahitaji wiki 3 hadi 4, usafi wa vidonda, na kulishwa laini asife njaa.

Uso uliovimba chini ya jicho, ute wa puani wenye harufu mbaya: ni mafua ya kuku. Bonyeza pua taratibu na unuse. Harufu ile ukiinusa mara moja huisahau. Haya ni ya bakteria, kwa hiyo hapa antibayotiki ina kazi, tofauti na kideri, ndui, gumboro na mahepe ambavyo ni virusi na havijali pakiti yoyote ya dukani.

Geuza kuku, tazama chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja. Chawa huonekana mchana, wanakimbia mwanga, na mayai yao hushikamana kwenye shina la unyoya. Viroboto wa kuku hukaa wamejichomeka kwenye upanga na kope, vidoti vyeusi visivyoondoka ukivipangusa. Vidoti vya bluu-nyeusi chini ya bawa vinaweza kuwa watoto wa papasi. Papasi wakubwa hawamo kwenye kuku kabisa. Mchana wanalala kwenye nyufa za udongo na viungo vya mbao, usiku wanatoka kunyonya. Wanamaliza damu, na pia wanaambukiza homa ya spiroketa: kuku anakuwa na homa kali, kinyesi cha kijani, miguu inakufa ganzi, na mfugaji anasema ni kideri. Ndiyo maana tochi ni kifaa cha uchunguzi. Nenda bandani saa nne usiku, mulika nyufa za kichanja na sehemu za chini za fito. Ukiona utitiri mwekundu au papasi wakitembea, sehemu kubwa ya jibu unayo, na dawa inapakwa banda kabla ya kuku.

Miguu: magamba yaliyoinuka na kuwa kama chokaa ni ukurutu unaoletwa na utitiri wa miguu, loweka kwenye maji ya sabuni, sugua kwa mswaki, paka mafuta mazito ya mgando, rudia kila wiki. Doa jeusi gumu kwenye unyayo na uvimbe ni jipu la kurukia chini toka kichanja kirefu.

Sasa kinyesi, kikiwa na mahali pake. Cha kawaida ni cha kahawia au kijani kizito chenye kofia nyeupe. Kofia hiyo ni mkojo. Kijani kibichi cha majimaji maana yake kubwa ni kwamba kuku hali, na unachokiona ni nyongo; kinatokea kwenye kideri lakini pia kwa kuku yeyote mwenye njaa ya siku mbili. Njano ya salfa kwa kuku wakubwa wanaokufa mmojammoja inaelekeza homa ya matumbo. Cheupe cha majimaji kwa vifaranga wa mwezi mmoja wanaojidonoa nyuma kinaelekeza gumboro. Damu mbichi kwa vifaranga waliokaa kwenye maranda yaliyolowa ni kuhara damu mpaka ithibitike vinginevyo. Ugonjwa huu una dawa yake: amproliamu ya asilimia 20, gramu 0.6 kwa lita ya maji kwa siku 3 hadi 5, na ukiwa mkali gramu 1.2, ikiwa ndiyo maji yao pekee. Wasipewe vitamini yenye B1 wakati huohuo, kwa kuwa dawa hii inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo. Maranda yaliyolowa yatoke siku ya kwanza, la sivyo unatibu huku wanakula vijidudu upya.

Hadi hapo watu wengi huishia, na ndipo wanapokosea, kwa kuwa mzoga mmoja uliopasuliwa vizuri unazidi siku tatu za kukisia. Ila kuna sharti. Ikiwa kuku wengi wamekufa ghafla, vichwa vimevimba, upanga na miguu ina zambarau, au kuna ndege pori waliokufa karibu, usipasue. Hiyo inaweza kuwa mafua makali ya ndege, ambayo huambukiza watu, na kwa macho haitofautishwi na kideri. Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8 Januari 2017, kwa ndege wa porini pembezoni mwa Ziwa Viktoria na kisha kwa wafugwao. Hapo kazi yako ni kufunga banda, kutogusa, na kumpigia afisa mifugo wa kata.

Kama hali si hiyo, chagua aliyekufa ndani ya saa chache. Wa jana usiku kwenye joto ameshaharibika, na ini lake litakuwa na baka la kijani pembeni ya nyongo ambalo halina maana yoyote. Vaa glavu au mifuko ya plastiki, funika pua na mdomo, lowesha mzoga kwa maji ya sabuni ili manyoya na vumbi visiruke. Mlaze chali, chana ngozi kati ya paja na tumbo, sukuma mapaja chini mpaka nyonga zitoke, atulie wazi. Vuta ngozi ya kifua. Nyama ya mapaja na kidari ikiwa na michirizi ya damu kwa kifaranga wa wiki 3 hadi 6, kumbuka gumboro. Kata ukuta wa tumbo chini ya kidari, kata mbavu pande zote mbili, inua kidari kuelekea kichwani.

Usiguse kitu bado, tazama kwanza. Mifuko ya hewa iwe angavu. Ikiwa na ukungu na jibini la njano, kuna maradhi ya njia ya hewa yaliyodumu. Ini la kuku mzima ni la kahawia nyekundu na kingo zake ni kali. Likiwa limevimba, kingo za mviringo, rangi ya shaba yenye ukijani, na bandama nalo limekua, homa ya matumbo inapanda juu ya orodha. Ini lenye mabaka ya duara yaliyodidimia katikati, pamoja na utumbo mpofu uliojaa gogo gumu la njano, ni ugonjwa wa vichwa vyeusi. Koo mwenye tumbo lililojaa kiini cha yai kilichovunda alikufa kwa mayai kumwagikia ndani.

Kisha tafuta firigisi na ufuate juu kidogo. Kifuko kidogo chenye kuta nene kinachotangulia firigisi ndicho wanachokifungua kwanza wanaoshuku kideri. Kichane kwa urefu, kimwagie maji taratibu, usikisugue. Ndani kuna vinundu vidogo vya tezi vilivyopangika. Kila kinundu kikiwa na doa la damu kwenye ncha yake, na mabanda ya jirani yanaisha kwa kasi, kideri kinapanda juu kabisa ya orodha. Damu ikiwa imekaa kama mkanda mmoja pale kifuko kinapoungana na firigisi, na kuku ni mdogo, rudi kwenye gumboro: angalia kile kifuko cha mviringo kilicho juu ya njia ya haja, kwa ndani. Siku za mwanzo za gumboro huvimba na kuzungukwa na ute wa njano, baadaye husinyaa. Vinundu visivyo na damu havifuti kideri, kwa kuwa aina nyingine za kirusi hushambulia zaidi neva na mapafu.

Fungua utumbo wote kwa mkasi, usiishie kuutazama nje. Minyoo mirefu myeupe ya sentimita 5 hadi 11 hukaa utumbo mwembamba. Ile midogo ya sentimita moja hivi hukaa utumbo mpofu. Tegu ni utepe. Minyoo miwili mitatu haiui kuku mkubwa. Kuiona na kufunga kesi ni kosa la kawaida sana, kwa sababu karibu kila kuku anayechakura nje ana minyoo. Fungua na firigisi pia, utashangazwa na misumari.

Shingo iliyopinda inapoteza watu wengi. Ikizunguka au kuangalia juu, na kuna vifo vingi au kulikuwa na vifo wiki mbili zilizopita, ni kideri au aliyenusurika nacho. Ikipinda kwa vifaranga wachache waliokula chakula kilichokaa muda mrefu, fikiria vitamini E na B1. Ikilegea kabisa ikalala chini na manyoya yakang'oka kirahisi, ni sumu ya mizoga: kuna mnyama ameoza mahali na kuku wanakula funza wake. Mtetea mwenye mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, anakula vizuri lakini anakonda: mahepe, na ukimpasua linganisha mshipa mnene wa neva wa paja la kulia na wa kushoto, ulioathirika ni mnene na wa kijivu.

Ukifika maabara unapata jibu la kweli, na wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kwenda. TVLA ina maabara Temeke na vituo vya kanda, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina ndaki ya tiba ya wanyama. Wapelekee kuku wawili watatu walio hai wenye dalili za mwanzo, wakiwa kwenye boksi. Hao ni bora kuliko mzoga. Kama ni mzoga, uwe wa siku hiyo, kwenye mifuko miwili ya plastiki, juu ya barafu. Usiugandishe, maana barafu ndani ya nyama hupasua chembechembe na mtaalamu haoni kitu. Kwa minyoo na kuhara damu, kinyesi kibichi cha asubuhi kilichookotwa sehemu kumi tofauti za banda kinatosha. Andika karatasi: umri, idadi, tarehe ya kifo cha kwanza, waliokufa kila siku, chanjo na tarehe zake, chakula na kilikotoka, dawa ulizokwisha kutoa. Hiyo ya mwisho usiifiche. Antibayotiki iliyoanza juzi hufanya bakteria wasiote maabara, na jibu litarudi "hakuna kilichoonekana" wakati kuku wanaendelea kufa.

Waliobaki nyumbani wasiuzwe. Kishawishi ni kikubwa: kuku anayezubaa leo anauzika kwa bei ya kutupa jioni. Ndivyo kideri kinavyotoka mtaa hadi mtaa, ndani ya tenga la mchuuzi na kwenye manyoya na matumbo yanayotupwa jalalani. Mizoga izikwe mita moja au zaidi kwenda chini, chokaa juu, mbwa wasifukue. Kuku waliopewa antibayotiki au dawa za salfa, mayai yao yasiliwe wala kuuzwa kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Zikiwa hazijaandikwa, muulize muuzaji kabla hujalipa.